Bado Sijafunguliwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua duka saa moja na nusu. Joto tayari. Paka watatu wamelala juu ya taulo za mlangoni. Nimewafukuza, wamerudi. Saa mbili kamili Mjerumani mmoja akanunua taulo ya mistari bila kubishania bei. Nikaisugua noti kidevuni mara tatu, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba, nikaitia kwenye droo. Siku imefunguliwa.

Kisha akaja Tahsin. Huyu ni jirani yangu wa mkono wa kulia, muuza sabuni za mafuta ya zeituni, mtu mwema kupita kiasi. Miaka kumi na tisa tunapakana. Akaniuliza anachoniuliza kila asubuhi: nimeshafunguliwa, yaani nimeshauza cha kwanza? Mimi mkate umejaa mdomoni. Nikatikisa kichwa, maana yake asubiri nimeze. Yeye akaelewa kwamba bado. Nilipomaliza kumeza, alikuwa amesharudi na mama wa Kiingereza na watoto watatu, akawaambia kwa Kiingereza chake cha sabuni kwamba yeye kauza tayari, jirani yake hajauza.

Hapa uchochoroni ndivyo tulivyo. Ukishauza cha kwanza na jirani yako hajauza, mteja wa pili unampeleka kwake. Hakuna aliyeiandika sheria hii na hakuna anayeivunja.

Taulo nne! Kila mmoja nikampa kofia ya kijani bure, maana mwaka jana niliagiza kofia thelathini nikakosea sifuri, zikaja mia tatu. Mke wangu Nezihe hataki kuziona. Mchana nikajiuliza, kwa nia ya utafiti tu, ingekuwaje kama ningebaki sijafunguliwa mpaka adhuhuri.

Jioni Nezihe kanikumbusha kwamba Jumapili Tahsin na mkewe wanakuja rasmi kumposa binti yetu Selvi kwa ajili ya mtoto wao Oktay, nahodha wa meli ya watalii. Selvi anampenda Oktay tangu darasa la tisa. Nezihe akasema nisije nikaharibu. Nikamuuliza ni lini niliwahi kuharibu kitu. Akaanza kutaja. Alipofika harusi ya dada yake nikaenda kulala.

Jumanne, 5 Agosti

Leo sikufunguliwa mpaka saa saba mchana. Kwa mdomo, yaani. Kwa droo nilifunguliwa saa mbili na robo.

Mafanikio makubwa! Tahsin kaniletea watu watano. Halafu, kwa huruma, kamwambia Hamdi wa viungo. Hamdi kamwambia fundi viatu. Kufikia saa nne uchochoro mzima unanielekezea wateja. Nimeuza kuliko wiki nzima iliyopita huku nimekaa kwenye kigoda na uso wa mfiwa.

Tatizo moja dogo: kidevu. Nimegundua kwamba kumdanganya Tahsin naweza. Kuacha kusugua noti ya kwanza kidevuni siwezi, nitaingiza nuksi dukani. Kwa hiyo naupa uchochoro mgongo, nageukia upande wa pili, ambako hakuna ila nyumba ya wageni na roshani zake. Watalii wanywa kahawa. Wanajua nini wao?

Tahsin aliuliza mbona leo mji umejaa kofia za kijani. Nikasema huenda ni chama fulani cha wastaafu.

Jioni mkewe, Müşerref, kaja dukani na sufuria kunitoa husuda. Kanifunika shuka kichwani, kashika bakuli la maji juu yangu, kamimina risasi iliyoyeyushwa. Tsss! Akayachunguza mabonge na kuona macho ya husuda yasiyo na idadi. Akalia. Akasema hajawahi kuona mtu mwema anayeandamwa hivi. Niliona aibu chini ya shuka. Kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba kesho ni siku ya kubadilishana watalii hotelini, wageni wapya watajaa, nikapata nafuu.

Jumatano, 6 Agosti

Rafu zinaniumbua! Mtu asiyeuza hawezi kuwa na rafu tupu. Mzigo mpya hauji mpaka Jumatatu. Alfajiri, Nezihe akiwa bado amelala, nimebeba kutoka nyumbani kila kinachokunjika: shuka, foronya, pazia la bafuni, na furushi zima kutoka kwenye sanduku lake la harusi. Nimevipanga nyuma, taulo mbele. Duka limeshiba tena. Nilijipongeza kwa chai mbili.

Naandika yafuatayo huku mlango nimeufunga kwa komeo.

Saa tano Tahsin kaleta Mbelgiji, mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Nikampa kofia ya kijani akaivaa papo hapo. Akapita taulo zote bila kuzigusa. Akaenda moja kwa moja rafu ya nyuma, akaingiza mkono, akachomoa kitambaa cha meza.

Kitambaa KILE. Alichotarizi bibi yake Nezihe kwa majira mawili ya baridi, makomamanga mekundu pande zote nne. Kilichokuwa mezani siku nilipokwenda kumposa Nezihe, mkono ukanitetemeka nikamwaga kahawa, na doa lipo kwenye kona mpaka leo. Nezihe hakuruhusu litolewe. Husema hilo ndilo doa lililomfanya anikubali, maana alijua mtu anayetetemeka vile hawezi kuwa mwongo.

Nikafungua mdomo niseme hakiuzwi. Lakini Tahsin kasimama pale pale, mikono kaiinua, anamshukuru Mungu kwamba hatimaye nafunguliwa. Mtu ambaye hajauza tangu asubuhi anakataaje kuuza? Nikataja bei ya kutisha. Yule mama akalipa. Tahsin machozi yakamlenga. Akaishika noti, akanisugulia yeye mwenyewe kidevuni.

Jioni Nezihe kasema Jumamosi atapiga pasi kitambaa cha bibi, kwa ajili ya Jumapili. Nikasema ni wazo zuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango: kumpata Mbelgiji, kukinunua tena. Kumbukumbu nilizonazo ni miwani na kofia ya kijani. Basi. Nikawaza kama mtalii. Siku ya pili kila mtalii hupanda meli. Nikatundika mlangoni kibao cha "Narudi sasa hivi" nikakimbilia gatini.

Meli ya watalii iliyopambwa kama ya maharamia, sanamu ya fuvu mbele, ngoma zinadunda tangu saa nne. Nahodha ni Oktay, mkwe mtarajiwa, ambaye hapaswi kujua lolote. Kaniona, kashangaa, kanibusu mkono, kauliza imekuwaje mzee wangu leo huku. Nikasema nimekuja kukagua anaendeshaje chombo, maana binti yangu atakuwa anapanda. Akaona haki.

Kofia za kijani kumi na moja ndani ya meli! Zangu zote. Nikaanza kuzikagua moja baada ya nyingine. Ilikuwa saa saba walipofungulia povu. Sikujua kuna povu. Latoka kwenye bomba, linajaza sitaha mpaka kifuani, vijana wanarukaruka ndani yake. Nikiwa na viatu vya ngozi na suruali iliyopigwa pasi nilitambaa kutoka kofia ya kijani mpaka kofia ya kijani. Mwingereza mmoja alidhani nacheza, akanibeba begani. Mama mmoja alinipiga kibao kwa kumvua kofia. Nilistahili.

Mbelgiji hakuwemo. Oktay alinishusha salama akaniomba, kwa adabu zote, nisimwambie baba yake kwamba meli ina povu.

Ijumaa, 8 Agosti

Asiyepanda meli huenda magofu. Kibao mlangoni tena. Ngazi mia nne na kumi mpaka uwanja wa maonyesho wa watu wa kale, jua la saa sita, na kale hakukuwa na kivuli. Nilipofika juu nikageuka kutazama viti vya mawe.

Kijani kitupu! Safu kwa safu. Kila niliyemuuzia wiki hii yuko pale na kofia yake, wamekaa kumsikiliza mwongozaji. Sikujua nimeuza kiasi hiki. Kwa dakika moja nilijivunia. Kisha nikaingiwa na hofu: Tahsin akipanda hapa siku moja, hatahitaji kuambiwa kitu.

Nikapita safu zote nikichungulia nyuso. Nilimkuta Mbelgiji mwenye miwani, lakini mwanamume. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikasema mke wangu. Akauliza yukoje. Nikasema amevaa kofia ya kijani. Akaniangalia kwa huruma akanipa maji.

Nimerudi duka lisharudi kivulini. Tahsin alikuwa ameketi mlangoni kwake. Hakuniuliza nimefunguliwa au la. Kanisalimu, kaniangalia kidevu, karudi ndani kupanga sabuni zake zilizokuwa zimepangwa tayari. Labda anaumwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya gulio. Nimekwenda mapema kutafuta kitambaa kinachofanana. Chenye makomamanga hakuna. Kuna chenye nyanya. Muuzaji kaapa kwa watoto wake kwamba ukikiangalia kwa mbali ni makomamanga. Nikarudi hatua nane. Hatua ya tisa nikaangukia mabeseni ya zeituni. Nikakubali kwamba ni makomamanga.

Tatizo ni upya. Kinang'aa. Nimekipandisha kwenye paa la nyumba, nikakichemsha kwenye sufuria ya chai nzito nusu saa kukizeesha, nikamwaga na tone la kahawa kwenye kona kwa ajili ya doa. Kazi ya kifundi. Nikakianika. Nilipoteremka nilisikia shakwe. Nilipopanda tena, doa halikuwa moja tena.

Saa tisa Nezihe kafungua sanduku. Halafu kaniita, si kwa jina, kwa "Baba Selvi", ambayo ni hatari zaidi. Nikamwambia nimekipeleka kwa dobi, nimshtukize. Kaniuliza dobi gani. Nikasema mpya. Kaniangalia muda mrefu. Kisha akasema, polepole, kwamba amefurahi, kwamba hakujua kuwa nakumbuka mambo kama hayo.

Hapo ndipo niliumia kweli. Ningeweza kusema yote wakati ule. Mdomo ulifunguka. Ukasema dobi ataleta kesho saa kumi.

Selvi jikoni alikuwa anajaribu kahawa kwa mara ya sita. Kasema, "Baba, kesho ukiwa kimya tu, yote yatakwenda sawa." Nimemwahidi kuwa bubu.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimefungua duka kwa saa moja tu ili nisikae nyumbani. Nimeuza kofia moja. Hata bure hazikuwa zinaisha, leo nimeuza! Nimesugua kidevu.

Saa kumi nimetandika kitambaa changu cha chai. Nezihe akaingia na sahani za keki, akakitazama. Nyanya. Alama za shakwe tatu. Harufu ya chai ya jana. Akaweka sahani juu ya alama mbili, ya tatu akaikalishia chombo cha maua. Mwanamke huyu ana moyo wa jemadari. Lakini nilimwona akifuta jicho kwa ncha ya mtandio, na nikajua kwamba wageni wakiondoka nami nitaondoka nao.

Wakafika. Oktay na maua, suti imembana. Müşerref na chokoleti kwenye sinia la fedha. Tahsin na furushi kwapani. Na nyuma yao, amevaa kofia ya kijani, yule Mbelgiji! Tahsin kamtambulisha kwa watu wote: Bi Godelieve, mwalimu mstaafu, mgeni wake. Bi Godelieve akanipungia mkono kwa furaha, kama mtu tunayejuana siku nyingi.

Nikakaa.

Desturi ni kwamba mkubwa wa upande wa kijana aanze na jina la Mungu, kisha aombe binti. Tahsin akakohoa. Akaniwekea furushi mapajani.

"Jirani," alisema, "leo nina maombi mawili. La binti litakuja. La kwanza ni swali. Leo umeshafunguliwa?"

Nilimtazama Selvi mlangoni na sinia la kahawa, vikombe vinagongana. Nikamtazama Nezihe. Ulimi ulishakuwa na "bado" tayari, imezoea njia. Nikaimeza.

"Nimefunguliwa," nikasema. "Saa mbili na dakika tano. Kofia."

"Na Jumatatu?"

"Saa mbili kamili. Taulo ya mistari."

"Na Jumanne, tulipokumiminia risasi?"

Müşerref akaweka kikombe cha maji chini. Nikasema saa mbili na robo. Nikasema yote, siku moja moja, mpaka nyanya. Mpaka shakwe.

Ndipo nikajua. Bi Godelieve amepanga chumba kwenye nyumba ya wageni, roshani ya kwanza, mkabala na duka langu. Nilipomtafuta baharini alikuwa hapo juu anakula tikitimaji. Nilipomtafuta magofuni alikuwa hapo hapo na kitabu. Aliona doa la kahawa kwenye kona, akasema kitu chenye doa kama hili kina watu wake, akateremka kukirudisha. Akakuta kibao. Ijumaa tena, kibao. Basi akampa Tahsin, na akamuuliza jambo lililokuwa likimtatiza: kwa nini jirani yako kila asubuhi saa mbili hugeukia kwangu, akasugua pesa kidevuni mara tatu, na baada ya saa kadhaa akasugua tena? Alidhani ni salamu. Alikuwa akinipungia mkono kila siku.

Nezihe alifungua furushi. Makomamanga. Akaitafuta kona, akaligusa doa kwa kidole. Kisha akanitazama, na sikuweza kuinua macho. Nilisema samahani. Nilisema mara moja tu, na kwa sauti ndogo, lakini nilimaanisha.

Tahsin akashusha pumzi. Akasema kwamba siku mbili alifikiria asije. Kisha akafikiri kwamba mtu anayeweza kulia njaa wiki nzima huku ananenepa ni hatari kumwacha mbali. "Afadhali awe mkwe," alisema, "nimchunge kwa karibu." Halafu akalitaja jina la Mungu na kumwombea mtoto wake mkono wa Selvi, kikamilifu, kama inavyotakiwa.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nezihe akanikanyaga mguu.

Kahawa ikapita. Mila ni bwana harusi apewe kahawa ya chumvi, ainywe yote bila kukunja uso, ionekane kama ana subira. Oktay akaonja kwa woga, akashangaa: sukari. Nikaonja yangu. Chumvi tupu, vijiko vinne kwa makadirio yangu. Selvi kasimama mbele yangu na sinia, hatabasamu, anangoja. Nikanywa mpaka mashapo. Sikukunja uso. Hapo ndipo akacheka, wakacheka wote, na Nezihe akatandika makomamanga juu ya nyanya.

Naandika hapa wazi, mbele ya shajara hii na mashahidi paka watatu: sitadanganya tena uchochoroni.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi njema. Bi Godelieve kaondoka na basi la uwanja wa ndege. Uchochoro mzima ulitoka kumwaga maji nyuma ya gari, ili aende kama maji na arudi kama maji. Tahsin kamwaga ndoo. Müşerref kamwaga ndoo. Mimi nimemwaga nusu glasi. Aende salama, mama wa watu. Kurudi asiharakishe.

Saa mbili na dakika kumi nimeuza taulo. Tahsin kaja, kaniuliza kama nimefunguliwa. Nimesema ndiyo, mkwe, nimefunguliwa. Kanikumbatia. Tumekunywa chai. Nilijisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Saa tatu kaja Feride. Huyu amefungua juzi duka la sahani za kauri mwisho kabisa wa uchochoro, katoka Kütahya, hajui mtu hapa wala habari ya mtu. Mwanamke mpole, macho ya huruma, duka lake limejaa Waholanzi. Kasimama mlangoni kwangu kwa haya, kasema yeye leo ameshauza mara sita, anaona vibaya, je, kaka yangu, umeshafunguliwa?

Nilitazama kulia. Tahsin alikuwa ndani anafunga sabuni. Nilitazama juu. Roshani tupu, viti vimekunjwa.

Nikashusha mabega. Nikasema bado, dada.

Anawaleta sasa hivi, basi zima. Kofia ziko tayari. Na somo nimelipata, asiniambie mtu kwamba sijifunzi: kuanzia leo kidevu nakisugulia nyuma ya pazia.